Chale Begani mwa Dieudonné

Mmeniomba niandike jinsi tulivyokuwa tunafanya kazi kabla yenu, nami nimekubali, ingawa nawajua: mtasoma ukurasa wa kwanza, wa pili mtaupiga picha kwa simu, na wa tatu mtafungia mandazi. Basi la maana naliweka mapema. Nimetengeneza majeraha ya uongo hapa Bunia tangu nikiwa na nywele nyeusi hadi juzi nilipoweka brashi chini, na sijaifanya kazi hii siku hata moja bila hofu. Wanaosema hofu huisha ukizoea, sijui wao walizoea nini.

Sikuitafuta. Nilikuwa nasuka nywele karibu na soko, na kikundi cha maigizo cha parokia kikaniita niwapake waigizaji poda wakati wa Pasaka. Huko nikamkuta Papa Anselme. Alikuwa fundi wa meno ya bandia, mtu wa Mahagi, mrefu, mwenye kikohozi kisichoisha na koti jeupe lenye madoa ya plasta. Siku za juma alitengenezea watu meno. Jumamosi alichukua plasta ileile, na ule unga wa kuchukulia umbo la ufizi, akatengeneza pua zilizovunjika, vidole vilivyokatika na midomo iliyochanika. Mashirika yalikuwa yameanza kutafuta mtu wa kuandaa majeruhi wa uongo, ili wasaidizi wa huduma ya kwanza wajifunze kufunga vidonda bila kumwumiza mtu. Kazi aliipata yeye, lakini mikono yake ilikuwa inaanza kutetemeka. Akavitazama vidole vyangu vya kusukia, akaniuliza kama naogopa damu. Nikamwambia naogopa sana.

“Njo muzuri,” akasema, yaani ndivyo vizuri. “Ule haogopi, atamwanga damu mingi.”

Siku yangu ya kwanza ya zoezi nilimpaka mama mmoja wa kujitolea pigo la panga kwenye paji la uso. Nilijitahidi kupita kiasi. Niliuinua ukingo wa ngozi, nikatia weusi ndani, nikaacha damu iteremke hadi kwenye nyusi. Nilipompa kioo nilikuwa nangoja sifa. Alijitazama, kioo kikamtoka mkononi, akaketi chini kwenye udongo na miguu yake ikaanza kutikisika. Akaniuliza kwa sauti ndogo ni nani aliyenisimulia. Hakuna aliyenisimulia kitu. Jeraha lile alikwisha kuliona kwenye uso wa mtu mwingine, mahali palepale, na mimi nilikuwa nimelirudisha bila kujua. Papa Anselme alimwondolea mwenyewe, taratibu, kwa mafuta, huku akimwomba radhi kwa niaba yangu. Mimi niliokota kioo, nikakaa mbali.

Baada ya hapo alinifundisha swali ambalo ninyi nyote mmelisikia kwangu hadi mkachoka: ni wapi nisiweke? Kabla ya kufungua kopo lolote, kabla ya kumgusa mtu, muulize hilo. Katika mji huu kila mtu ana jibu. Mmoja atasema shingoni, mwingine atasema popote ila si kwenye mguu wa kulia. Usimwulize kwa nini. Itikia kwa kichwa, andika, upake mahali pengine.

Mapishi yetu yalifanyika nyumbani kwangu, kwa sababu nilikuwa na jiko zuri na mume mvumilivu. Tuliyeyusha gelatini kwa maji ya moto, tukatia glisirini ya duka la dawa ili isikauke, na asali kidogo ili inyumbulike. Damu ilikuwa sirapu nyekundu, kakao, na tone la rangi ya bluu, maana damu nyekundu tupu inafanana na Fanta. Marehemu mume wangu aliwahi kuonja sikio lililokuwa linapoa dirishani, akidhani ni peremende za watoto. Alisema halina ladha.

Lakini majirani hawakucheka. Mwanamke mmoja alichungulia dirishani akaona mkono mzima kwenye sinia, na kabla ya jua kupanda vizuri mtaa wote ulikuwa unasema kwa Mama Béa kunapikwa watu. Nilimwona chef wa avenue, mkubwa wa mtaa wetu, akija na wanaume nyuma yake, wengine wameshika fimbo, na nilijua kabisa kwamba mimi na mume wangu tunaweza kuuawa asubuhi ile kwa sababu ya asali na gelatini. Nilitoa ile sinia nje mbele ya wote, nikaukata ule mkono kwa kijiko, nikaula. Niliumaliza hadi vidole. Tangu siku ile napika mlango ukiwa wazi, na ninyi mpike hivyohivyo.

Sasa nije kwenye ngozi ya chini, ambayo najua nusu yenu mmeiacha. Papa Anselme hakuruhusu jeraha libandikwe moja kwa moja mwilini. Kwanza ilinibidi nipake latex, ule utomvu wa mpira, tabaka tatu nyembamba na karatasi laini katikati, nipepee hadi ikauke, nitie poda, kisha niipake rangi ya ngozi ya mtu mwenyewe mpaka isionekane. Juu yake ndipo jeraha lilipokaa. Gelatini huyeyuka kwa jasho, alisema, na kidonda kikidondoka katikati ya zoezi, chini pasiwe na doa la gundi linalong'aa. Nilinung'unika miaka mingi. Ilikuwa nusu saa nzima kwa ngozi ambayo hakuna mtu angeiona.

“Rangi tatu, Béa, hapana moja,” alikuwa akisema, akikohoa juu ya bega langu. “Mutu hana rangi moja. Angalia kwenye kiwiko, angalia kwenye kwapa.”

Dieudonné alikuja kwetu kama waigizaji wengi walivyokuja, kupitia rafiki wa rafiki. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mpole, mwenye kulia vizuri. Msicheke, kulia vizuri ni ufundi. Wengine hupiga kelele hadi wasaidizi wanakimbia, lakini yeye aliguna kidogo tu, na wauguzi wakongwe walimpigia magoti bila kukumbuka kwamba ni mchezo. Alikuwa ameshafanya nasi mazoezi mawili matatu, nikimpaka miguuni. Halafu ikaja siku ya zoezi kwenye barabara ya Aveba, nikamwuliza swali langu la kila siku.

Akajibu tofauti na mtu yeyote niliyewahi kumwuliza. “Mama Béa, leo mi naomba uweke hapa,” akasema, akavua shati na kunionyesha bega la kulia. “Ufunike hii yote.”

Begani palikuwa na chale, mistari midogo iliyosimama mitatu mitatu, safu mbili, myeusi kwa makaa yaliyosuguliwa ndani. Nilizijua. Bibi zetu wanawachanja watoto hivyo kwa ugonjwa wa kifua, kwa degedege, kwa mambo mengi. Lakini wote mnajua pia kwamba wapo wapiganaji wanaochanjwa ili risasi isiwaingie, na kwamba siku zile, kwenye vizuizi, watu walikuwa wanavuliwa mashati. Nilikaa na brashi mkononi. Nikajizuia kumwuliza kwa nini. Nikapaka ngozi ya chini juu ya zile chale, tabaka tatu, rangi tatu, na juu yake nikabandika jeraha la kuungua. Siku ile sikunung'unika.

Kosa langu la siku ile ni hili, na liandikeni ukutani: niliwapaka watu mjini nikawasafirisha wakiwa wamepakwa. Daktari aliyeongoza zoezi alitaka lianze mapema, kila jeraha huchukua saa nzima, na Bunia nilikuwa na meza, maji na mwanga. Nikaona ni akili. Tukapanda basi dogo, mimi, dereva na majeruhi watano. Gari la waandaaji lilitangulia, na karatasi ya ordre de mission, kibali chetu cha safari, ilikuwa humo, mfukoni mwa daktari.

Kizuizi kilikuwa baada ya daraja. Hakikuwapo wiki moja kabla. Sikuwatambua wale wenye silaha ni wa nani, na ninavyodhani siandiki hata leo. Mmoja aliinama dirishani, akamwona mwanamke mwenye utumbo nje akimalizia andazi. Alirudi nyuma hatua tatu huku akipiga kelele, na bunduki zote zikageuka kututazama. Nimekwisha kuona watu wenye bunduki wakiwa na hasira. Wakiwa na woga ni wabaya zaidi.

“Shuka! Wote!” Mkubwa wao alikuwa mtu mzima, macho mekundu, kofia ya sufu kichwani. “Hii watu walipigana wapi? Munawapeleka wapi?”

“Hapana kupigana, chef,” nikasema. “Iko exercice ya kufundisha wasaidizi. Ni rangi tu.”

“Rangi? Weye unaniona mi niko mutoto?”

Miaka yote kazi yangu ilikuwa kuwafanya watu waamini. Sasa nilikuwa namwomba Mungu wasiamini. Nikamwambia chef nitamwonyesha. Nilichukua chupa ya mafuta kutoka kwenye sanduku, nikamsogelea yule mwanamke, nikaubandua utumbo wake kuanzia ukingoni hadi ukaja wote mkononi mwangu, na chini yake tumbo zima. Mmoja wa wale watu alitema mate na kupiga ishara ya msalaba. Chef hakutikisika.

“Toa kwa wote,” akasema. “Halafu mashati.”

Hapo ndipo nilipomwona mtu aliyeketi kando ya barabara, karibu na gogo la kizuizi. Alikuwa mkulima, au alivaa kama mkulima, viatu vya mpira na matope. Alikuwa bila shati, mikono imefungwa nyuma. Begani mwake palikuwa na chale, tatu tatu, safu mbili. Hakuwa akitazama mtu yeyote. Nikaelewa kinachotafutwa chini ya mashati.

Nilianza na wengine, polepole kadiri nilivyothubutu. Nikatoa mfupa wa mguu, kisha jicho, kisha kidonda cha risasi tumboni. Nilikuwa nikimtazama Dieudonné kwa pembeni. Alisimama wima, na jasho lilikuwa linamtiririka kutoka shingoni hadi kwenye lile jeraha la kuungua. Nilijua jasho linafanya nini. Lilikuwa linaingia kwenye kingo za latex, dakika baada ya dakika, wakati mimi najichelewesha.

Nitawaambia jambo ambalo sijamwambia padri. Nilipokuwa nalibandua lile jicho, niliwaza: kama huyu kijana ni mpiganaji kweli, kwa nini tufe sote kwa ajili yake? Nikawaza ningeweza kumimina mafuta tu. Mafuta huharibu latex. Ningemimina, ngozi ya chini ingejikunja, chale zingeonekana, nami ningesema sikujua. Chupa ilikuwa mkononi mwangu. Niliwaza hivyo kwa muda wa kutosha kulimaliza jicho na kupangusa kope.

Kisha nikaiweka chupa chini na kwenda kwake na kitambaa cha maji.

“Mbona huyu hautie mafuta?” chef akauliza.

“Yake imekwisha loa na jasho, chef. Inatoka yenyewe.”

Nikaliinua jeraha kwa kucha, kuanzia juu. Gelatini ilikuwa laini, karibu uji, nayo ikatoka vipande vipande. Chini yake ngozi ya Papa Anselme ilikuwa imekaa, yenye rangi zake tatu. Ila upande wa kwapa ukingo ulikuwa umejiinua, kipande cha ukubwa wa ukucha, na chini ya kile kipande niliona mwanzo wa mstari mweusi. Nikakiwekea kidole gumba, nikawa kama ninayepangusa, nikakigandamiza. Nilisikia moyo wa Dieudonné ukipiga ndani ya mkono wangu. Au ulikuwa wangu.

Chef akasogea. Alinuka moshi na pombe ya ndizi. Akanyoosha mkono, akapitisha vidole vyake juu ya bega lile, taratibu, kama mama anayetafuta homa.

“Ngozi yake iko baridi.”

“Ni gundi, chef,” nikasema. “Gundi inabaki. Kwa wote iko vile. Mushike na huyu mwingine.”

Hakumshika mwingine. Alimtazama Dieudonné usoni kwa muda mrefu, akanitazama mimi, akaangalia chini kwenye utumbo uliokuwa unayeyuka barabarani. Ghafla akacheka. Wenzake nao wakacheka. Akasema tuende, na siku nyingine tusitembeze maiti mchana kweupe. Tulipoondoka, yule mtu wa viatu vya mpira alikuwa bado ameketi palepale. Sijui kilichompata. Nimeulizia mara nyingi, bila kujua hata jina la kuulizia.

Ndani ya gari, kwenye kilima cha pili, nikavunja kanuni yangu. Nikamwuliza Dieudonné zile chale ni za nini.

“Ni ya kifua, Mama,” akasema. “Mi niko mutoto mudogo, kifua inanikamata, koko yangu ananikata.” Koko ni bibi yake. “Jana nilisikia kule barabarani wanatoa watu mashati. Njo maana nilikuomba.”

“Kama ulisikia, kwa nini ulikuja?”

“Nilishakubali kazi. Na weye uko nafanya vizuri.”

Sikumwamini. Kila mwenye chale angesema hivyohivyo, niliwaza, na yeyote aliyefanya mambo porini ana bibi wa kusingizia. Sikuweza kulala vizuri majuma mengi. Kila nilipofumba macho nilijiona nikigandamiza ukingo ule, na nilijiuliza ni nani niliyempitisha pale kizuizini, na amekwenda kufanya nini. Siku ileile, kabla ya kuosha mikono, nilikuwa nimefuta namba yake kwenye simu.

Waandaaji waliponiuliza yule kijana anayelia vizuri yuko wapi, nilisema amehama. Papa Anselme, aliyekuwa tayari hatoki kitandani, nilimsimulia yote. Alinisikiliza, akakohoa, akasema, “Ulimuuliza, akakujibu. Sasa unataka nini?” Nikamtengenezea chai. Alikufa mwaka uleule, na mifano yake ya plasta ndiyo hiyo mnayoitumia hadi leo, ile yenye pua moja iliyopinda ambayo hakuna anayejua ilikuwa ya nani.

Mengine ya kazi mnayajua kwa sababu mlikuwapo. Mazoezi ya hospitali, filamu za vijana wa mjini zinazotaka damu hadi kwenye ukuta, ule msimu wa ugonjwa wa kutokwa damu, ambao hakuna aliyetaka kuona damu, hata ya sirapu. Nilifanya yote hayo nikiwa na hofu yangu. Ila ya Dieudonné ilikuwa tofauti na nyingine, kwa sababu ile nilikuwa naenda nayo nyumbani.

Halafu mkanifanyia ile sherehe ya kuniaga, kule ukumbini, mchana, na viti vya kukodi na keki yenye umbo la sikio. Mliona pikipiki ikisimama mlangoni. Mliona mtu mnene kidogo akimshusha mwanamke mzee sana kutoka nyuma yake, akamwongoza kwa mkono. Mlidhani ni jamaa zangu. Mimi nilimtambua kwa bega, kabla ya uso.

“Mama Béa,” Dieudonné akasema. “Nilisikia unaacha kazi. Nimekuletea koko. Anatoka huku Mahagi-Port, alikataa kufa kama hajakuona.”

Yule bibi alikuwa haoni vizuri. Alinisogelea hadi nikasikia harufu ya dagaa na sabuni kwenye kitenge chake.

“Ni mimi nilimukata,” akasema. “Alikuwa wa miezi sita. Kifua ilimukamata siku tatu, hapana kunyonya, midomo imekuwa ya bluu. Mama yake alishaanza kulia msiba. Nikachukua wembe, nikamukata, nikatia makaa. Akapona. Nikasema mi nimemuokoa.” Akapangusa macho kwa ncha ya kitenge. “Halafu wakati ya vita nikaona kumbe nimemuwekea kifo kwenye bega. Kila siku anatoka, mi nangoja waniletee maiti. Miaka mingi, mama. Njo akaniambia kuna mwanamuke wa Bunia alimufunika.”

Dieudonné alikuwa ananitazama, mpole kama zamani.

“Nilikuwa nangoja simu ya kazi, Mama,” akasema. “Kila exercice nasikia, nangoja. Nikasema labda umebadilisha namba.”

“Simu iliibiwa,” nikamwambia.

“Ndiyo, Mama,” akasema. “Bunia simu zinaibiwa.”

Bibi yake alikuwa ananyoosha mikono mbele yake, akinitafuta. “Nipe mikono,” akasema. Nikampa. Aliishika yote miwili, akaipapasa kidole kimoja kimoja hadi kwenye kucha, kisha akaiinua na kuiweka kwenye mashavu yake yaliyolowa machozi.

“Njo hii?” akamwuliza mjukuu wake. “Njo hii mikono?”

“Njo hiyo, koko,” akasema Dieudonné.

Sikumwambia bibi kwamba mikono hiyohiyo iliwahi kushika chupa ya mafuta, wala kwamba ndiyo iliyofuta namba ya mjukuu wake.